QuickMap ya LROC: ramani ya Mwezi inayomwezesha mtazamaji kuihoji picha

Miongoni mwa huduma za bure zinazoonyesha uso wa Mwezi mtandaoni, QuickMap ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa mwanafunzi, mwalimu au mtazamaji wa anga anayeniuliza aanzie wapi. Ni ramani inayofunguliwa kwa kivinjari cha kawaida, haidai malipo wala usajili, na msingi wake ni picha za LROC, yaani mfumo wa kamera uliomo katika chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa tarehe 18 Juni 2009 na kuingia katika mzingo wa Mwezi siku tano baadaye. Nimekuwa nikiitumia sambamba na darubini ndogo, na hapa naipima kwa swali moja: je, inamsaidia mtu kutambua kile kilichopo kweli juu ya Mwezi, au inampa picha nzuri za kutazama tu? Jibu langu ni kwamba inamsaidia, tena kwa namna ambayo ramani nyingi za Mwezi, za karatasi na za mtandaoni, haziwezi, ingawa zipo gharama na mapungufu ambayo mtumiaji wa kwetu anapaswa kuyajua kabla hajaanza.

Swali hilo lina uzito kwa sababu picha ya Mwezi, hata iliyo kali kabisa, huweza kumpoteza anayeitazama. Mwezi hauna angahewa ya kutawanya mwanga, na sehemu kubwa ya uso wake ni vumbi la kijivu lenye tofauti ndogo za rangi, kwa hiyo tunachokiona hutegemea mno pembe ya Jua. Jua likiwa karibu na upeo, kilima kifupi hutupa kivuli kirefu na kila mkunjo wa ardhi hujitokeza. Likiwa juu, vivuli hutoweka, na kinachobaki ni tofauti za udongo mweupe na mweusi. Kasoko (shimo la duara lililochimbwa na mgongano) ya Tycho, yenye upana wa kilomita 85 hivi katika nyanda za kusini, ni mfano unaojulikana kwa kila mwenye darubini. Usiku wa mwezi mpevu miale yake myeupe huvuka sehemu kubwa ya uso unaotuelekea, lakini kuta zake na kilele cha katikati huwa vigumu kutambua. Ukiitazama siku moja au mbili baada ya robo ya kwanza, wakati Jua linapoichomozea, utaona kuta zilizopangika kwa ngazi na kilele chenye kivuli, huku ile miale ikiwa imefifia. Mahali ni palepale, ila picha hizo mbili zinaeleza mambo mawili tofauti.

Historia ya kuchora Mwezi imejaa watu waliopambana na tatizo hili. Thomas Harriot wa Uingereza na Galileo wa Italia, wote wakitumia darubini mwaka 1609, hawakuwa na njia nyingine ila kufuata, usiku baada ya usiku, mpaka unaotenganisha mchana na usiku wa Mwezi, kwa kuwa ni hapo tu ndipo maumbo yalipoonekana. Johann Schmidt, aliyechapisha ramani yake mwaka 1878, aliweka ndani yake kasoko zaidi ya 32,000 alizozitazama kwa macho yake mwenyewe kupitia darubini, kazi iliyochukua sehemu kubwa ya maisha yake. Hata kamera ilipopelekwa hadi Mwezini kwenyewe, tatizo halikuisha. Tarehe 7 Oktoba 1959 chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipiga picha 29 za upande wa mbali wa Mwezi, upande ambao hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuuona. Filamu ilisafishwa ndani ya chombo chenyewe, ikasomwa kwa mwanga na kutumwa duniani kwa redio. Yalikuwa mafanikio makubwa, na sioni sababu ya kuyapunguza. Lakini upande ule ulikuwa umeangaziwa karibu wote, Jua likiwa juu, vivuli havikuwepo, na mfululizo wa alama nyeupe ukasomwa kama safu ya milima na kupewa jina la Milima ya Kisovieti. Picha za baadaye zilionyesha kwamba milima hiyo haipo: kilichoonekana ni miale ya udongo mweupe uliotawanywa na kasoko changa. Jina likafutwa.

Naikumbuka safu hiyo ya milima kila ninapofungua QuickMap, kwa sababu ramani hii imejengwa kana kwamba watengenezaji wake nao waliikumbuka. Katika orodha ya matabaka mna picha za msingi zilizopangwa kwa kufuata urefu wa vivuli: tabaka lililounganishwa kutokana na picha zilizopigwa Jua likiwa chini, na jingine lililotokana na picha zilizopigwa wakati vivuli vimekaribia kutoweka. Unaweza kuliweka moja juu ya jingine na kulififisha la juu taratibu, ukaona ardhi ileile ikipoteza maumbo na kupata miale, au kinyume chake. Hakuna somo la maneno linaloweza kumfundisha mwanafunzi jambo hili haraka kuliko kufanya hivyo mara moja juu ya Tycho au juu ya kasoko ya Copernicus.

Picha hizo za jumla zinatoka kwenye kamera ya pembe pana, mojawapo ya kamera tatu zinazounda LROC. Kamera hii huona eneo pana kwa kiwango cha mita 100 hivi kwa kila pikseli, na kwa sababu hupita juu ya karibu Mwezi wote kila mwezi, imepiga sehemu ileile chini ya mwanga wa kila aina. Ramani ya kwanza kamili ya maumbo iliunganishwa kutokana na picha zaidi ya 15,000 zilizopigwa kati ya Novemba 2009 na Februari 2011. Kamera hiyohiyo ina vichujio saba, kuanzia miale ya urujuanimno hadi nyekundu, na kutokana navyo wanasayansi wamekadiria kiasi cha titani katika mawe ya zile tambarare nyeusi tunazoziita bahari. Kuna tabaka la kuonyesha makadirio hayo, nalo huitenga waziwazi Mare Tranquillitatis, yenye titani nyingi, na jirani yake Mare Serenitatis, jambo ambalo jicho kwenye darubini hulihisi tu kama tofauti ndogo ya rangi.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kubaki na kifaa kimoja tu ndani ya ramani hii, nisingechagua picha yoyote. Ningechagua mstari wa kupimia mwinuko. Unachora mstari juu ya ramani, kutoka popote hadi popote, na ramani inakuchorea mkato wa ardhi iliyo chini ya mstari huo pamoja na umbali na kimo chake. Takwimu zake zina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni kipimaleza kiitwacho LOLA, kilichomo katika chombo hichohicho, ambacho hurusha mpigo wa leza mara 28 kwa sekunde, kila mpigo ukigawanywa katika nukta tano, na kupima muda ambao mwanga hutumia kwenda na kurudi. Cha pili ni ulinganishaji wa picha za kamera ya pembe pana zilizopigwa kutoka pembe tofauti juu ya eneo lilelile, kazi ambayo wataalamu wa Ujerumani waliifanya na kutoa mwaka 2011 ramani ya vimo inayofunika eneo lote lililo kati ya nyuzi 79 kusini na 79 kaskazini. Kwa kuwa Mwezi hauna usawa wa bahari, vimo vyote hupimwa kutoka kwenye tufe la kufikirika lenye nusukipenyo cha kilomita 1,737.4.

Nimetumia mstari huo kuzijaribu sifa kadhaa ambazo wapenzi wa Mwezi hurithishana. Ya kwanza ni Rupes Recta, ule mstari mweusi ulionyooka katika Mare Nubium ambao kwenye darubini, siku moja baada ya robo ya kwanza, huonekana kama ukuta wa wima wenye urefu wa kilomita 110 hivi. Chora mstari wa kuukata, na ukuta unageuka kuwa mteremko: ardhi inashuka mita 240 hadi 300, lakini inashuka polepole katika umbali wa kilomita mbili au tatu. Mtu angeweza kuupanda kwa miguu. Weusi wake ni kazi ya Jua lililo chini, wala si ya kimo chake. Wiki mbili baadaye, Jua linapotua upande wa pili, mstari uleule huonekana mweupe.

Jaribio la pili ni Reiner Gamma, alama nyeupe yenye umbo la kiluwiluwi katika Oceanus Procellarum. Katika picha inaonekana kama kitu kilichomwagika au kilichoinuka. Mstari wa kupimia unapita juu yake bila kuonyesha chochote: hakuna ukingo, hakuna tuta, hakuna shimo linaloendana na alama ile. Vyombo vilivyopita juu yake vimepima uga wa sumaku wenye nguvu isiyo ya kawaida mahali hapo, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba uga huo unaukinga udongo dhidi ya chembe za upepo wa Jua ambazo kwingineko huufanya uwe mweusi kadiri miaka inavyopita. Bila takwimu za mwinuko, mtazamaji angeweza kubishana kuhusu picha ile hadi asubuhi.

Jaribio la tatu linahusu mahali pa juu kuliko pote juu ya Mwezi. Pako upande wa mbali, karibu na kasoko ya Engel'gardt, kwenye kimo cha mita 10,786 juu ya lile tufe la kufikirika. Anayetarajia kilele chenye ncha, kama vilele tunavyovijua duniani, atashangaa kuona katika mkato kwamba ardhi inapanda kwa mteremko wa nyuzi tatu tu hivi. Ni mgongo mpana wa takataka za miamba, ambao unaelekea kuwa ulirundikwa wakati bonde kubwa la South Pole-Aitken, lenye upana wa kilomita 2,500 hivi, lilipochimbwa na mgongano wa kale. Picha pekee isingekwambia hata kwamba umesimama juu.

Kuna kosa moja la jicho ambalo naona kila mwalimu anapaswa kulieleza darasani kabla ya kuwaachia wanafunzi ramani hii. Ubongo wa binadamu hudhani kwamba mwanga hutoka juu. Ikiwa picha imeangaziwa kutoka chini, kasoko hugeuka machoni kuwa vilima vya duara, na mawe hugeuka kuwa mashimo. Ukishaona hivyo ni vigumu kuona vinginevyo. Hutokea mara kwa mara katika picha za karibu, kwa kuwa zilipigwa asubuhi na jioni za Mwezi kwa nyakati mbalimbali. Dawa ni kuchora mstari mfupi wa mwinuko juu ya duara moja tu unalolijua, au kutafuta kwanza Jua liko upande gani katika picha husika.

Picha hizo za karibu zinatokana na kamera mbili za pembe nyembamba, nazo ni fahari ya kazi yote. Hazina kifuniko cha kufunga na kufungua kama kamera tulizozizoea. Kila moja ina mstari mmoja wa vihisio 5,064, na chombo kinaposonga mbele juu ya Mwezi kwa kasi ya kilomita 1.6 hivi kwa sekunde, picha hujengeka mstari baada ya mstari hadi kufikia mistari 52,224. Kutoka kimo cha kilomita 50, kila pikseli ni sawa na nusu mita ardhini, na kamera zote mbili zikiwa bega kwa bega hufunika ukanda wa kilomita tano kwa upana na kilomita 26 kwa urefu. Ukibofya mahali popote katika ramani na kuomba orodha ya picha zinazopafunika, utapewa namba ya kila picha, ukali wake na pembe ya Jua ilipopigwa, kisha unaweza kuifungua nzima. Naipa orodha hii alama za juu kabisa. Ramani nyingi huficha picha ghafi nyuma ya mchoro uliopambwa. Hii inamrudisha msomaji kwenye ushahidi wenyewe.

Ushahidi huo unajumuisha kazi za mikono ya binadamu. Katika bonde la Taurus-Littrow, walikotua wanaanga wa Apollo 17 mwezi Desemba 1972, unaweza kuona sehemu ya chini ya chombo chao iliyobaki na michirizi ya magurudumu ya gari lao. Katika eneo la Apollo 14 njia ya nyayo inafuatika kwa jicho. Mwaka 2010 picha hizi ndizo zilizowezesha kupatikana kwa Lunokhod 1, gari la Kisovieti lililokuwa limenyamaza tangu 1971. Mahali lilipo palipojulikana kwa uhakika, watafiti wa Marekani waliielekezea leza kutoka duniani na kioo chake kikarudisha mwanga baada ya takriban miaka 40. Ninapoulizwa na vijana kama kweli watu walifika Mwezini, siwapi hotuba. Nawapa mahali pa kubofya.

Uwezo wa kulinganisha picha za kale na za karibuni una thamani ya kisayansi pia. Tarehe 17 Machi 2013 watazamaji waliokuwa wakiulinda Mwezi kwa darubini nchini Marekani walirekodi mmweko wa mgongano. LROC baadaye ikapata mahali hapo kasoko mpya yenye upana wa mita 18, iliyokuwa haimo katika picha zilizotangulia. Mwezi Agosti 2023, baada ya chombo cha Urusi Luna 25 kuanguka, kamera hizohizo zilionyesha shimo jipya la mita 10 hivi, na siku chache baadaye zikakipiga picha chombo cha India Chandrayaan-3 kikiwa kimesimama salama karibu na ncha ya kusini.

Mtumiaji wa Afrika Mashariki anahitaji onyo moja ambalo maelezo ya ramani hayampi. QuickMap, kama ramani nyingine zote, huweka kaskazini juu, jambo linaloendana vizuri na Mwezi unavyoonekana kutoka Ulaya au Marekani ya Kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, Mwezi hupanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo unapochomoza mashariki kaskazini yake iko mkono wa kushoto wa mtazamaji, na unapotua magharibi kaskazini yake iko mkono wa kulia. Mwezi mwandamo wa siku tatu au nne huonekana kwetu umelala kama mashua, na Mare Crisium, ambayo ramani huiweka pembeni kulia, huwa karibu na ukingo wa chini uliong'aa, imesogea kidogo kulia. Asiyejua hivyo hutumia nusu saa akitafuta juu kitu kilichoko chini. Ushauri wangu ni kuchapisha sehemu ya ramani unayotaka kuitazama na kuizungusha karatasi robo mzunguko kabla hujatoka nje, au kutumia mandhari ya tufe la pande tatu, ambalo unaweza kuligeuza hadi lilingane na unachokiona angani. Tabaka linaloonyesha sehemu ya Mwezi iliyo mchana kwa wakati huo husaidia pia kupanga nini cha kutazama usiku huo.

Sasa mapungufu. Lugha ya ramani ni Kiingereza kitupu, tena Kiingereza cha maabara: majina ya matabaka mengi ni vifupisho ambavyo mgeni hawezi kuvikisia, na maelezo yake yamefichwa nyuma ya alama ndogo. Mwalimu wa sekondari atakayeipeleka darasani bila kuandaa karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili atawapoteza wanafunzi mapema. Ningependa siku moja kuona angalau orodha ya matabaka ya msingi imeandikwa kwa lugha zaidi ya moja, kwa kuwa Mwezi huu hautazamwi na wasomaji wa Kiingereza pekee.

Gharama ya pili ni data. Kila unaposogeza au kukuza, kivinjari huvuta vipande vipya vya picha, na tufe la pande tatu huvuta zaidi. Picha nzima moja ya kamera nyembamba ina pikseli zaidi ya milioni 260. Kuipakua yote kwa bando la siku ni uamuzi wa kufikiriwa. Kwa simu ya kawaida ramani inafunguka na picha zinaonekana vizuri, lakini kuchora mistari kwa kidole na kusoma mkato kwenye kioo kidogo ni kazi ya kuchosha, na mtu anayetaka kupima kwa makini atahitaji kompyuta yenye kipanya. Naona matumizi yake bora kwetu ni katika maktaba au maabara ya shule yenye intaneti ya pamoja, ambako mwalimu anaweza kuandaa maeneo machache mapema. Anwani ya ukurasa hubeba ndani yake mahali ulipo na matabaka uliyoyachagua, kwa hiyo unaweza kuituma kwa wanafunzi na wote wakafungukia palepale.

Mapungufu mengine yanahusu takwimu zenyewe, nayo ni muhimu zaidi kwa mtu makini. Picha za karibu zimeunganishwa kutoka kanda nyembamba zilizopigwa kwa miaka tofauti na chini ya Jua tofauti, hivyo unapokuza utakuta mipaka mikali ambapo vivuli hubadilika ghafla upande. Asidhani mtu kwamba huo ni ufa wa ardhi. Ukali nao si sawa kila mahali. Tangu Desemba 2011 chombo kimo katika mzingo wa duaradufu unaokipitisha chini sana juu ya kusini na mbali zaidi juu ya kaskazini, jambo lililookoa mafuta na kurefusha maisha yake, lakini ambalo limefanya picha za kaskazini za miaka hiyo ziwe na pikseli pana zaidi. Vipimo vya leza vina hali inayofanana: njia zote za chombo hukutana kwenye ncha, kwa hiyo nukta zimesongamana huko na zimeachana karibu na ikweta, ambako thamani zilizo katikati ya njia mbili hujazwa kwa kukadiria. Anayepima kasoko ndogo karibu na ikweta kwa kutegemea tabaka la leza pekee anaweza kupata kina kisicho sahihi. Heri atafute kama eneo lake lina ramani ya vimo iliyotengenezwa kwa jozi ya picha za karibu. Si kila mahali pana, ila zilipo, kama katika maeneo mengi ya kutua, zinaonyesha ardhi kwa undani wa mita chache.

Kwa wasio na intaneti ya kudumu ipo Virtual Moon Atlas, programu ya bure ya Patrick Chevalley na Christian Legrand, ambayo ukishaipakua hufanya kazi bila mtandao, huonyesha Mwezi kama unavyoonekana kutoka mahali ulipo na inaeleza kila umbo kwa aya fupi. Kwa mtazamaji aliye uwanjani na darubini hiyo inaweza kuwa bora. Moon Trek, ya maabara ya JPL ya Marekani, ni nyepesi kwa macho ya mgeni na inatoa mafaili ya kuchapisha umbo la ardhi kwa mashine ya pande tatu, lakini naiona nyuma ya QuickMap katika kumfikisha mtu hadi kwenye picha ghafi na pembe ya Jua ya kila moja, na hilo kwangu ndilo linaloamua.

Sehemu moja ya Mwezi ilibaki nje ya uwezo wa LROC kwa sababu ya maumbile yake. Karibu na ncha, Jua halipandi juu ya upeo zaidi ya nyuzi moja na nusu hivi, na ndani ya kasoko zilizo huko mna sakafu zisizopata mwanga wa Jua moja kwa moja kabisa. Ndiko barafu ya maji inakotafutwa, na ndiko mataifa kadhaa yanakotaka kupeleka vyombo. Kamera iitwayo ShadowCam, iliyotengenezwa kwa kufuata muundo wa kamera nyembamba za LROC lakini ikiwa na uwezo wa kuhisi mwanga zaidi ya mara 200, iliwekwa katika chombo cha Korea Kusini kiitwacho Danuri, kilichorushwa tarehe 4 Agosti 2022, na picha zake zimewekwa katika ramani ya aina hiihii. Anayetaka kuzijaribu aanze na Shackleton, kasoko yenye upana wa kilomita 21 iliyo karibu kabisa na ncha ya kusini. Kwanza abadilishe mtazamo wa ramani uwe wa ncha ya kusini, kwa kuwa katika mtazamo wa kawaida maumbo ya huko hunyooshwa hadi kutotambulika. Katika picha za LROC ataona sakafu ikiwa weusi mtupu. Katika vipimo vya leza atapata umbo lake lote, lenye kina cha zaidi ya kilomita nne. Na katika picha za ShadowCam ataona miteremko na mawe ya sakafu hiyo kwa mwanga uliogonga kwanza miinuko ya jirani na kurudi ndani.